Nani Aseme Dume Auzwe?



Mwezi huu nimeiweka kando habari ya chanjo za kuku niliyowaahidi, kwa sababu ya barua ya mama mmoja wa Rungwe. Nimeisoma mara tatu, na kila mara nilipofika mwisho nilikuwa na hamu ya kupanda basi niende nikamjibu kwa mdomo.

Anaandika kwamba wana dume chotara wa Friesian mwenye umri wa miaka miwili na miezi kadhaa. Majirani humletea ng'ombe wao na kulipa kidogo. Mwezi uliopita dume huyo alimbana binti yao wa darasa la sita kwenye nguzo ya banda. Binti alitoka na michubuko tu. Baba akasema dume alikuwa anacheza, tena kwamba atauzwa Desemba, wakati watu wanatafuta nyama ya sikukuu na bei imepanda. Mama anauliza: Nitajuaje kama kweli ni mchezo? Je, ni haki yangu kusema auzwe, wakati ng'ombe ni wa baba? Na mwisho anauliza kama nyama ya ng'ombe aliyeumiza mtu yafaa kuliwa, maana mama mmoja wa jumuiya yao amemwambia kwamba Biblia inakataza.

Dada yangu, swali la kwanza halihitaji maneno mengi. Si mchezo. Kwa la pili, nivumilie nikusimulie habari ya nyumbani kwangu.

Sisi tunakaa kwenye mteremko wa Kilimanjaro, ambako hakuna nafasi ya kuchunga. Ng'ombe hukaa bandani mwaka mzima, nasi tunamletea mabingobingo na migomba iliyokatwakatwa. Dume wetu tulimwita Tajiri. Mama yake alipatwa na ugonjwa wa kiwele siku chache baada ya kuzaa, kwa hiyo mimi mwenyewe nilimlea ndama yule kwa chupa, kisha kwa ndoo. Alinifuata hadi mlango wa jiko kama mbwa. Watoto walikuwa wakisukumana naye kichwa kwa kichwa, nasi tulikuwa tukicheka.

Baadaye bwana mifugo alinieleza kosa letu. Ndama dume anayekua pamoja na ng'ombe wenzake hujifunza kwao nani ni mkubwa na nani ni mdogo, na mtu humwogopa kidogo. Woga huo mdogo ndio unaotulinda sisi. Lakini ndama aliyelelewa peke yake kwa mkono wa mtu hutuona sisi ndio ng'ombe wenzake. Akibalehe, anataka kujua kati yake na wewe nani ni mkubwa, na njia anayoijua ni ile ile tuliyomfundisha, yaani kichwa. Kwa kawaida mambo hayo hujitokeza kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka miwili. Tena madume wa aina ya maziwa, Friesian, Ayrshire na Jersey, wanajulikana kuwa wakali kuliko wale wa nyama. Msidanganywe na udogo wa Jersey.

Tajiri alianza pole pole. Asubuhi moja niliingia na ndoo ya maji, akasimama akiwa amenigeuzia ubavu, shingo ameikunja, mgongo ameuinua kidogo, jicho moja limenitoka. Nilidhani anataka kukunwa. Kumbe dume akikuonyesha ubavu namna ile anakuonyesha ukubwa wake, na anakupa nafasi ya kuondoka. Wiki zilizofuata akawa anakwaruza sakafu kwa kwato, anainamisha kichwa na kukitikisa, ananguruma kwa sauti nzito ya kifuani mtu akipita. Alimkanyaga kijana wetu mkubwa na kumsukuma kwenye hori. Kijana akasema, "Mama, ananitania."

Mimi nilijua. Naandika hivi kwa sababu nimeshasema mbele ya mume wangu na mbele ya mama mkwe, kwa hiyo si siri tena. Nilijua, na nilimwambia mume wangu mara moja tu, kwa sauti ya chini, wakati anakula. Akajibu kwamba ada ya shule inalipwa Januari, tumwache anenepe hadi hapo. Kulikuwa na sababu nyingine pia: ng'ombe wa jirani alikuwa karibu kuingia joto. Kila sababu ya kungoja ilikuwa nzuri. Sijapata kuona dume mkali ambaye hakuwa na sababu nzuri ya kungoja.

Mwezi wa kumi na moja mimi nilikwenda kliniki na mtoto mdogo. Mama mkwe wangu akaona hori ni tupu, akachukua mzigo wa majani akaingia. Hakuna aliyekuwa amemwambia neno. Tajiri alimpiga kutoka nyuma, akamwangusha, akarudi tena. Pembe hakuwa nazo, tulikuwa tumezichoma akiwa ndama, na nataka mjue kwamba hilo halikusaidia kitu, kwa sababu dume haui kwa pembe peke yake. Huua kwa kichwa na kwa uzito, akimbana mtu chini au ukutani. Mama alijiviringisha chini ya hori la mbao, na huko ndiko alikopona. Mtoto wa jirani aliposikia kelele alikuja akipiga sufuria hadi watu wakafika na kamba. Nyonga ilikuwa imevunjika. Alifanyiwa upasuaji, na leo anatembea kwa fimbo.

Sasa, dada yangu wa Rungwe, narudi kwa swali lako. Katika nyumba nyingi ninazozijua, anayeamua dume auzwe lini ni baba, na anayeingia bandani ni mama na watoto. Baba humwona dume kupitia uzio, jioni, akiwa ameshiba. Wewe humwona asubuhi akiwa na njaa, ukiwa na mzigo kichwani na mikono yote miwili imeshika kamba. Si ajabu mnaona ng'ombe wawili tofauti. Usimlaumu kwa hilo. Lakini usikubali kwamba anayemwona kwa mbali ndiye anayemjua zaidi. Anayeingia ndiye mwenye neno. Liseme mchana, mkiwa mmeketi, si wakati anakula, tena si kwa sauti ya chini kama nilivyofanya mimi. Mwombe aingie yeye na majani kwa siku saba mfululizo, asubuhi na jioni. Wanaume wawili ninaowajua waliuza kabla ya siku ya nne.

Kama anapenda hesabu, mpe hesabu. Ng'ombe hula majani mabichi kiasi cha sehemu moja ya kumi ya uzito wake kila siku. Dume wa kilo 450 anahitaji kilo 45 hivi. Kama zimebaki siku 90 hadi Desemba, hizo ni zaidi ya tani nne za majani, na zote zitapita kichwani mwako na kwa binti yako. Mkichinja, karibu nusu ya uzito wake ndiyo nyama pamoja na mifupa. Je, hiyo nyongeza ya bei ya sikukuu inalipa tani nne? Sisi tulipokaa tukapiga hesabu hiyo, tulikuwa tumechelewa, na tayari tulikuwa tumeongeza juu yake gharama ya hospitali.

Watu watakushauri mengine. Watasema mhasi. Ndama akihasiwa mapema hukua kuwa maksai mpole, lakini dume mzima aliyekwisha kujifunza kupiga watu anaweza kuendelea na tabia hiyo hata baada ya kuhasiwa, nawe utakuwa umejiaminisha bure. Watasema mtie pete puani. Pete ni nzuri, kila dume awe nayo kabla hajafika mwaka mmoja, lakini ni ya kumwongozea dume kwa fimbo au kamba, haimbadilishi moyo. Watasema mpige ajue adabu. Nadhani hilo ndilo baya kuliko yote, maana hapo mnamjibu vita anayoitaka.

Kuna ushauri mwingine ambao kwetu ulitolewa na shemeji yangu, na ulikaribia kukubaliwa. Alijua mtu wa kijiji cha mbali anayetafuta dume wa kupandisha, na bei yake ilikuwa kubwa kuliko ya bucha. Tusimwambie habari ya mama. Mume wangu alinyamaza muda mrefu. Kisha akachukua Biblia, akafungua Kutoka sura ya 21, ambamo sheria inatofautisha ng'ombe aliyeua mtu kwa ghafla na yule ambaye tangu zamani alizoea kupiga, mwenyewe akaonywa, asimzuie. Huyo wa kwanza mwenyewe hana hatia. Wa pili anayo. "Sisi tumeonywa," akasema, na maneno ya kijiji cha mbali yakaisha hapo. Alipigiwa simu mwenye bucha.

Kwa hiyo uza kwa kuchinjwa, na mweleze mnunuzi waziwazi kwamba dume ni mkali, ili naye aje na watu wa kutosha. Kabla ya hapo mwulize bwana mifugo dume alichomwa sindano lini na ya dawa gani. Kila dawa ina siku zake za kungoja kabla nyama haijaliwa, zimeandikwa kwenye chupa, na baadhi ya zile zinazokaa mwilini muda mrefu hufika wiki nne. Hiyo ni sababu nyingine ya kuamua mapema: ukiamua siku ya hatari, huenda ukalazimika kuishi naye mwezi mzima zaidi. Ulizeni pia kibali cha kumsafirisha, msije mkasimamishwa njiani na dume amefungwa garini juani.

Katika siku hizo za kungoja, mtoto asiingie bandani hata kwa dakika moja. Majani yarushwe kutoka nje, maji yamiminwe kupitia uwazi. Waambie wote wa nyumbani, na bibi pia, na mgeni aliyekuja kusalimia. Mtu akijikuta mbele yake, arudi kinyumenyume akimtazama, asimgeuzie mgongo na asikimbie mpaka amefika penye kizuizi. Siku ya kumtoa, kamba ziwe mbili, zishikwe pande mbili, na kama mna jike aliyezoea kukaa naye, mtangulizeni huyo. Tajiri alimfuata mama yake hadi kwenye gari bila ugomvi. Mimi nilikuwa jikoni, sikutoka. Mkanda wa kupimia kifua nilikuwa nao, nao ungenipa makadirio mazuri ya uzito, lakini nani angeuzungusha? Tulikubaliana kwa macho, na nafikiri tulipunjwa kidogo.

Usiogope kwamba majike watakosa mimba. Hapa kwetu mbegu za chupa hutoka kituo cha taifa cha uhimilishaji kilichopo Usa River, na mhimilishaji huja akiitwa. Kazi inayobaki ni yako: kutazama. Jike huingia joto kila baada ya siku 21 hivi, na joto lenyewe halikai hata siku nzima. Ukimwona asubuhi anapanda wenzake na kusimama akipandwa, apandishwe jioni. Ukimwona jioni, apandishwe kesho asubuhi. Andika tarehe kwenye kalenda ya ukutani. Mwanzoni tulikosa mara mbili, nikanung'unika nikimkumbuka Tajiri. Lakini dume wa kijiji hubeba pia magonjwa ya kutupa mimba kutoka jike hadi jike, na baada ya miaka michache huanza kuwapanda binti zake mwenyewe. Hata dume mpole ana muda wake.

Limebaki swali lako la nyama. Ni kweli kwamba sheria ile ya Kutoka ilisema ng'ombe aliyeua mtu apigwe mawe na asiliwe. Wenu hajaua, na mimi sioni kwamba sheria hiyo inamhusu. Lakini kama moyo wako unasita, mwulize mchungaji wako au padri wako, si mimi. Kwa upande wa afya, nyama iliyopimwa machinjioni na kugongwa mhuri ni salama. Ni ngumu tu, ichemshwe muda mrefu.

Mimi nilisema wazi kwamba nyama ya Tajiri haitaingia jikoni kwangu. Nilipofika hospitali siku ya pili, mama mkwe akaniuliza kama ameshachinjwa. Nikasema ndiyo. Akauliza mkia uko wapi. Nikamwambia nimeuacha bucha. Akanitazama kama ninavyowatazama watoto wanapovunja chungu, akasema yule ng'ombe amemgharimu nyonga, mkia wake ni haki yake, niende nikaulete. Nilirudi jioni na supu katika chupa ya chai, yenye tangawizi na ndizi mbili. Akainywa yote.