Diwani na magunia manane ya viazi
Bunge lilipopunguza ushuru wa mazao mwaka 2017, kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, lilimsamehe kabisa anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kwenda halmashauri nyingine. Lakini mwenye magunia manane ya viazi Mbalizi (yasiyo ya lumbesa) hawezi kubishana kwenye geti la ushuru huku gari likiunguruma. Hapo ndipo diwani anapohitajika, kuliko jukwaani akirudia malumbano ya vyama ya Dodoma. Aulize katika baraza la madiwani: mizigo midogo mingapi imetozwa, na kwa stakabadhi zipi? Majibu yasomwe kwenye mkutano wa hadhara wa kata, siku isiyo ya mnada.