Upekuzi wa Nyumba na Haki ya Mrufani



Wapo wasemao kwamba mtu aliyekutwa na kitu haramu nyumbani mwake hana la kukatia rufaa. Kitu kimeonekana, maneno yamekwisha. Sisi hatukubaliani nao. Haki haiulizi tu ni kitu gani kilichoonekana. Huuliza pia nani aliruhusu mlango ufunguliwe, nani alishuhudia, na kitu hicho kilipita mikononi mwa nani hadi kufika mahakamani.

Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inalinda nafsi ya mtu, familia yake na maskani yake. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 iliweka utaratibu: askari anayetumwa awe na hati ya upekuzi, isipokuwa penye dharura, upekuzi wa usiku kwa hati hiyo uwe na kibali cha mahakama, na vitu vilivyochukuliwa vitolewe stakabadhi yenye sahihi ya mwenye nyumba na ya mashahidi.

Mataifa mengine yamepitia jambo hili. Mwaka 1957, huko Cleveland, Marekani, polisi walivunja mlango wa mama mmoja, Dollree Mapp. Alipodai hati, walimwonyesha karatasi. Kesi iliposikilizwa, hakuna hati iliyotolewa, naye akatiwa hatiani kwa vitabu na picha walizozikuta. Mwaka 1961 Mahakama Kuu ya Marekani ilitengua hukumu hiyo, ikisema kwamba ushahidi uliopatikana kwa upekuzi haramu haukubaliki hata katika mahakama za majimbo.

Kwetu sheria imemwachia hakimu kupima uzito wa ukiukaji, wala si kila dosari hubatilisha ushahidi. Hata hivyo, Mahakama ya Rufani ya Tanzania imekwisha kuondoa vielelezo katika kumbukumbu za kesi mara nyingi: pengine kwa sababu upekuzi ulikiuka sheria, pengine kwa sababu hati ya ukamataji mali haikusomwa mahakamani baada ya kupokelewa. Pasipobaki ushahidi mwingine wa kutosha, mrufani huachiwa huru.

Kwa hiyo aliyefungwa asikate tamaa, wala asichelewe. Kutoka mahakama ya wilaya kwenda Mahakama Kuu, sheria inatoa siku 10 za kutoa taarifa ya nia ya kukata rufaa, na siku 45 za kuwasilisha rufaa yenyewe. Ndugu zake waombe nakala ya mwenendo wa kesi na ya hukumu, wachunguze tarehe na saa ya upekuzi, sahihi zilizopo, na maneno ya mashahidi. Mshtakiwa naye akumbuke kupinga kielelezo kabla hakijapokelewa, maana aliyenyamaza siku ile huwa na kazi ngumu zaidi katika rufaa.

Tunajua wengi watauliza: je, mwovu aachiwe kwa sababu ya karatasi? Tunajibu kwamba karatasi hiyo ndiyo inayomtenganisha mwovu na jirani aliyewekewa kitu uvunguni mwa kitanda na adui yake. Askari mwaminifu haiogopi, kwa kuwa inaulinda ushahidi wake pia. Anayeidharau ndiye anayeidhoofisha kesi ya Jamhuri.

Mwisho, tunasema nanyi viongozi wa mitaa, wajumbe wa nyumba kumi na wazee wa jumuiya, kwa kuwa ninyi ndio mnaoamshwa kuja kushuhudia. Msikae barazani wakati vyumba vinapekuliwa. Ingieni, tazameni, someni kilichoandikwa, ndipo mtie sahihi. Usilolishuhudia kwa macho yako usilitilie sahihi, hata ukihimizwa. Sahihi ya mtu asiyeona kitu inaweza kumfunga jirani yake miaka mingi, na kuitengua katika rufaa ni safari ndefu ambayo maskini wachache huifikisha mwisho.