Baada ya Medali, Nini?

Septemba 2025, jijini Tokyo, Alphonce Simbu alitwaa medali ya dhahabu ya marathoni, ya kwanza kwa Tanzania katika Mashindano ya Dunia ya Riadha. Hapa Mlandege nasi tulishangilia. Lakini shangwe hupita, naye mwanariadha hubaki na maisha yake.

Filbert Bayi ni funzo kwetu. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Mbio zilipokwisha, yeye na mkewe walianzisha shule, na leo watoto wanasoma Kibaha.

Mtume Paulo aliyafananisha maisha ya imani na mbio. Wapendwa, tunawapigia makofi vijana wetu katika Uwanja wa Samora. Je, mmoja wao akiumia goti na kuachwa na timu, jumuiya yake ndogondogo humtafuta? Kijana aliyezoea nidhamu ya mazoezi aweza kuwa katekista, mwalimu, mwandishi au mhudumu wa wagonjwa. Kumwacha ni kuifukia talanta tuliyokabidhiwa sisi sote. Juma hili kila jumuiya imtaje mmoja, imtembelee, impe kazi.