KAMERA NYUMBANI: Gofu la Kando ya Barabara

Msafiri apitaye katika barabara kuu huliona duka lililoachwa na kulisahau kabla hajafika kona ya pili. Paa limeingia ndani, mlango umebakiwa na bawaba moja, na rangi ya ukutani imebabuka. Mpenda picha husimama akalipiga. Hata hivyo, nyingi za picha hizo huonyesha uchakavu tu; hazisemi jengo lilikuwa na kazi gani wala kwa nini lilijengwa hapo. Kosa aghalabu haliko katika kamera, bali katika mahali alipokanyaga mpigaji.

Mwalimu mwema wa jambo hili ni Mmarekani William Christenberry, aliyezaliwa mwaka 1936 katika jimbo la Alabama na kufariki mwaka 2016. Alikuwa mchoraji. Alipozuru wilaya ya Hale, walikoishi wazee wake, alichukua kamera ndogo ya Brownie, ya aina waliyopewa watoto, apate picha za kumsaidia katika michoro yake. Mwaka 1961 alianza kupiga picha za jengo la mbao kwenye njia panda ya Havana. Zamani lilikuwa duka la jamaa yake, kisha likatumiwa na mtabiri asomaye viganja. Tangazo la mtabiri huyo, lenye mchoro wa kiganja, lilikuwa limetiwa dirishani kichwa chini ili kuziba pengo mvua isiingie.

Kamera ile haikuweza kuvuta vitu vya mbali. Aliyetaka jengo liwe kubwa alisogea mbele. Aliyetaka mazingira yaonekane alirudi nyuma. Mara nyingi Christenberry alisimama akilikabili jengo uso kwa uso, akaacha ardhi mbele yake na mbingu juu yake. Mwaka baada ya mwaka alirejea. Kwa kuwa mtazamo wake ulikuwa mtulivu, mabadiliko ya jengo yalijionyesha yenyewe. Mwishowe jengo likatoweka, naye akapiga picha ya mahali lilipokuwa. Hata alipoanza kutumia kamera kubwa mwaka 1977, utulivu ule haukumwacha.

Atakaye kumfuata, awe na kamera ya filamu au simu ya mkononi, na aanze kwa kulizunguka jengo mikono mitupu. Atafute ushahidi mmoja wa maisha yaliyopita: jina lililofifia juu ya mlango, baraza walipokaa wateja, au kizingiti kilicholika kwa nyayo. Hicho kiwe kiini cha picha. Akitaka jina lisomeke, alikabili jengo usoni. Akitaka urefu wake ujulikane, asimame pembeni ili pande mbili zionekane.

Barabara nayo isiachwe nje. Ndiyo iliyolizaa duka hilo, na pengine ndiyo iliyoliua, magari yalipoacha kusimama au njia ilipohamishwa. Bila barabara, duka laweza kudhaniwa ni ghala la shambani. Kipande cha lami au vumbi chini ya picha chatosha.

Kamera ishikwe sawa. Ikiinuliwa ili kulipata paa, kuta huonekana kulala nyuma, na mtazamaji hatajua kama ni ukuta unaoanguka au ni kamera iliyoinamishwa. Dawa ni kurudi nyuma hatua kadhaa, bila kuingia barabarani penye magari. Jua la asubuhi au la alasiri, likipita ubavuni, hudhihirisha nyufa na mishipa ya mbao. Siku ya mawingu hufaa kwa rangi zilizofifia.

Jengo lililoachwa aghalabu lina mwenyewe, basi ni adabu kuwauliza majirani kwanza. Wao ndio watakaosema duka lilifungwa lini na kwa nini. Ndani kusiingiwe, kwani sakafu mbovu na nyoka havipigi hodi.

Mwisho, mahali pa kusimama pakumbukwe kwa mti au jiwe, ili mwakani picha ipigwe hapo hapo. Barabara zinapopanuliwa, majengo ya namna hii hubomolewa upesi, maana ni nadra kupata mteteaji. Kwa waliowahi kutumwa chumvi pale utotoni, picha yenye mlango, baraza na barabara, kila kimoja mahali pake, huenda ikawa ndiyo kumbukumbu pekee itakayosalia.