Ratiba ya waandishi ipangwe na maji

BARAZANI MIKINDANI
Na Somoe Nandonde

Mwaka jana niliitwa kwenye kongamano la waandishi. Barua ilisema tutakutana katika hoteli ya ufukweni, nami nikafungasha kanga mbili za ziada na kitabu cha kusomea mchangani. Kwa siku tatu nilizokaa pale bahari niliiona mara mbili: nilipofika na nilipoondoka. Siku zote za katikati mapazia yalifungwa ili projekta ionekane vizuri ukutani. Mawimbi tuliyasikia pale tu umeme ulipokatika.

Ufunguzi ulikula asubuhi nzima. Mgeni rasmi alichelewa. Tukapiga picha ya pamoja bila yeye, alipofika tukapanga mistari tena tukapiga nyingine. Kila aliyeshika kipaza sauti alitangaza kwamba itifaki imezingatiwa, kisha akaizingatia upya, jina kwa jina, cheo kwa cheo. Zikafuata mada: nafasi ya mwandishi, changamoto za mwandishi, fursa za mwandishi. Tuliagana tukiwa na mkoba, fulana, cheti na posho. Sijifanyi mtakatifu. Posho niliipokea, na fulana naivaa siku za kufua.

Niliporudi Mikindani nilipita kwa bibi kabla sijafika kwangu. Alikuwa uani anatwanga kisamvu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umerudi salama? Haya, mlisomeana nini huko?"

Nikaanza kumweleza zile mada. Aliniacha nimalize zote, mchi mkononi.

"Mimi nimekuuliza mlisomeana nini."

Nikatafuta jibu nikalikosa. Tulikuwa watu wasiopungua themanini, kila mmoja akijiita mwandishi, na hakuna hata mmoja aliyefungua daftari akasoma ukurasa wake mbele ya wenzake.

"Hatukusomeana, bibi."

"Basi mlikwenda kikaoni," akasema, akaendelea kutwanga.

Hoja yangu ya wiki hii nimeichota kwenye kinu hicho. Waandishi wakikutana wasisomeane, wamefanya kikao. Kikao si kibaya, lakini tusikiite jina lisilo lake.

Mwezi Juni 1962, Chuo cha Makerere kiliwakaribisha waandishi wa Afrika wanaotumia Kiingereza. Walikuwapo Chinua Achebe, Wole Soyinka, Ezekiel Mphahlele, Grace Ogot, Rebeka Njau, na kutoka Marekani akaja Langston Hughes. Walibishana kutwa kucha juu ya maana ya fasihi ya Kiafrika, na hawakuafikiana. Ubishi huo sasa ni mali ya wanazuoni. Jambo lililozaa matunda lilitendeka pembeni: mwanafunzi wa palepale, wakati huo akiitwa James Ngugi, alimpa Achebe muswada ambao haujakomaa. Achebe akausoma. Kwa msaada wake ukafika kwa mchapishaji, na mwaka 1964 ukatoka kuwa Weep Not, Child. Mwanafunzi yule ndiye Ngũgĩ wa Thiong'o, tuliyempoteza Mei 2025. Karatasi zilizopita kutoka mkono hadi mkono ndizo zilizoulipa mkutano ule gharama zake.

Lakini mlango wa Makerere ulikuwa mwembamba. Shaaban Robert, mwenye rafu nzima ya mashairi, tenzi na hadithi, hakuwa na sifa ya kualikwa kwa sababu aliandika Kiswahili. Mwezi huohuo wa Juni 1962 akafariki dunia. Miaka mingi baadaye Ngũgĩ mwenyewe aliona aibu ya jambo hilo, akaandika kwamba yeye, mwanafunzi mwenye hadithi chache za Kiingereza, alikuwa na kiti, na mzee yule hakuwa nacho.

Na kabla ya Makerere kulikuwa na Mombasa. Mwaka 1928, pwani kabisa, mkutano uliamua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Walioamua walikuwa hasa maofisa wa serikali za kikoloni na wamisionari. Sina ugomvi na Kiunguja, maana ndicho kinachonilisha. Ila nikimsikia bibi akiongea Kiswahili chake cha Mgao, cha pwani yetu ya kusini, au nikikutana na Mmwani kutoka ng'ambo ya Ruvuma, najua kuna baraza zima ambalo halikuulizwa kitu. Mkutano unaweza kufanyika hatua chache kutoka baharini na usiwasikie watu wa bahari. Mapazia hayakuanza mwaka jana.

Sasa nisikie mtu wa Dar es Salaam akiniambia kusini hakuna cha kusomeana. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 vina utenzi wake, na aliyeutunga ni Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi. Ulichapwa mwaka 1957. Wayao wana Chiikala cha Wayao, historia yao waliyoandikiwa kwa Kiyao na padre mwenzao, Yohanna Abdallah, ikatoka mwaka 1919. Vitabu hivyo viwili nimewahi kuwatajia walimu wa Kiswahili, wakaniuliza kama nimevitunga mimi.

Hapa Mikindani penyewe tuna kibao cha David Livingstone, kwa kuwa mwaka 1866 alianzia hapa safari yake ya mwisho kuelekea bara. Watalii hukipiga picha. Mimi huwa namfikiria zaidi Livingstone mwandishi, yule ambaye mwaka 1871, wino na karatasi vilipomwishia huko Kongo, alikamua rangi ya mimea na kuandika shajara juu ya kurasa za gazeti kuukuu. Alikufa mwaka 1873. Waliotoka naye safari ile, Chuma, ambaye ni Myao, na Susi, walikuwa miongoni mwa waliobeba mwili na makaratasi yake hadi pwani. Mwaka uliofuata wakafika Uingereza, wakakaa na mhariri Horace Waller wakimfafanulia majina, njia na mambo ambayo daftari halikuyasema. Kitabu kilitoka mwaka huohuo wa 1874 kikiwa na jina la Livingstone. Kazi ya wale wawili ndiyo ninayoiita kusomeana: muswada uko mezani, na pembeni yake yupo mtu aliyekuwapo, anayeweza kusema hapa sivyo.

Basi napendekeza hivi. Waandishi waje huku kwetu wakati wa kipupwe, Juni au Julai, mvua zikiwa zimekwisha na kusi likipuliza joto lote kwenda zake. Wakae Mikindani au wasogee Msimbati, ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000 ikiwa na kilomita za mraba 650 za matumbawe, mikoko, visiwa na vijiji vyenye watu. Na ratiba yao isipangwe na kamati. Ipangwe na maji.

Anayeishi pwani haelezwi haya, lakini wageni wetu wa bara wanivumilie. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Kwa upande wetu, siku za bamvua maji huwa yamepwa kwenye saa nne au saa tano asubuhi. Hapo ndipo wanawake hushuka na ndoo na michokoo, wakatafuta chaza, wakachokoa pweza kwenye mashimo yake. Kufika saa kumi jioni maji yamejaa, ngalawa zinaelea jirani na mikoko, na hakuna kazi ya kushuka pwani. Hapo ndipo watu hukaa.

Hiyo ndiyo ratiba. Asubuhi mwandishi ashuke pamoja na wenyeji, kalamu aiache nyumbani, mikono yake ishike ndoo. Jioni tukae kivulini tusome. Uzuri wa maji ni kwamba hayamsubiri mgeni rasmi. Akichelewa, atatukuta tumeshaloa.

Masharti yangu ni matatu. La kwanza, kila anayekuja aje na kurasa kumi za kazi ambayo haijaisha. Kazi zilizokwisha zina mahali pake. Tunayo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, na naishukuru. Lakini tuzo humkuta mtu aliyekwisha kuvuka. Aliyekwama katikati ya mto, sura ya sita, usiku wa manane, tuzo haimwoni. Mkutano ndio wa kumwona huyo.

La pili, asome mwenyewe kwa sauti. Sentensi mbovu hujificha kwenye karatasi. Ikipita mdomoni hujikwaa.

La tatu, wenyeji wakae ndani ya duara, wasipangwe nyuma kama kikundi cha ngoma cha kuwapokea wageni. Aliyetega nyavu usiku akisikia mwandishi wetu akieleza "machweo yenye kutuliza nafsi" pale ambapo wavuvi ndio kwanza wanahangaika kutia mashua majini, atasema. Hatasema "kuna changamoto ndogo katika usawiri wa mandhari". Atasema umedanganya.

Na katika duara hilo kuwe na viti vya majirani. Mto Ruvuma ni mpaka kwenye ramani, lakini Wamakonde wako kingo zote mbili. Hata mpaka wenyewe umewahi kutangatanga: Kionga, kusini mwa mdomo wa mto, ilikuwa chini ya Wajerumani hadi Wareno walipoichukua mwaka 1916. Tangu Oktoba 2017 vita vya Cabo Delgado, huko Msumbiji, vimewafukuza watu makwao, na wengine walivuka wakaja upande huu. Wana hadithi za Kimakonde na Kimwani, na wanaoandika huandika Kireno. Tukingoja zitafsiriwe kwanza Ulaya ndipo tuzisome, tutakuwa tumezungukia Lisbon kwenda kwa jirani anayesikia jogoo wetu.

Najua pingamizi. La kwanza ni fedha. Katikati ya mwaka shule na vyuo vingi hufunga. Mtwara ina vyuo vya ualimu na chuo kikuu kishiriki cha Stella Maris, ambacho jina lake maana yake ni nyota ya bahari. Likizo huacha mabweni matupu, na chumba cha bweni hakina ubaya kwa mtu aliyekuja kuandika. Bread Loaf, mkutano ambao Wamarekani wamekuwa wakiufanya milimani Vermont tangu 1926, kwa miaka mingi ulitoa nafasi kwa vijana waliokubali kuhudumia mezani wakati wa chakula. Huko mtu alibeba sahani ili muswada wake usomwe. Huku tunalipwa posho ili tusisomwe.

La pili ni kwamba kipupwe ni msimu wa kupulizia salfa, mikorosho inatoa maua na wakulima wako shambani na mashine mgongoni. Kweli kabisa. Lakini jioni watu hurudi, na mwandishi anayetaka kuandika habari za korosho bila kuonja harufu ya salfa kooni, sijui ataandika nini zaidi ya bei.

La tatu husemwa kwa sauti ya chini: kwamba Mtwara ni mbali na haijazoea mambo hayo. Mbali na wapi? Tamasha la MaKuYa limekusanya hapa ngoma za Wamakonde, Wamakua na Wayao, na watu wakaja. Jando na unyago hukusanya vijana wetu kila likizo ya Juni, na walio ndani hukaa wakifundishwa maneno mpaka yawakae. Hapo sifungui zaidi, wenyewe mnajua. Nasema tu kwamba mkutano ambao mtu huingia mmoja na kutoka mwingine sisi hatukuuazima popote. Kilichozoea kuondoka kusini bila kusomwa ni hadithi zetu. Kama gesi ya Ghuba ya Mnazi, husafiri mamia ya kilomita hadi Dar es Salaam, tofauti ikiwa kwamba gesi inapimwa kwa mita.

Waandishi wakubwa hawatakuja, nimeambiwa. Basi waje wadogo. Achebe alikuwa na umri wa miaka 31 alipopokea muswada ule, na aliyempa alikuwa mwanafunzi.

Juzi jioni nilikwenda kwa bibi na makala haya. Macho yake hayawezi tena maandishi madogo, kwa hiyo nilimsomea yote, tangu projekta hadi Bread Loaf. Alicheka kwenye fulana. Kwenye Livingstone alisinzia kidogo. Nilipofika kwenye bamvua akaniinulia mkono.

Nilikuwa nimeandika kwamba wanawake hushuka kuchokoa pweza alfajiri, maana alfajiri inapendeza kwenye maandishi.

"Alfajiri ya bamvua?" akauliza. "Maji bado yamejaa, mjukuu wangu. Ungewazamisha wote."

Siku tatu za hotelini hakuna aliyenisahihisha hata neno moja. Ile saa nne mliyoisoma hapo juu ni ya bibi.