Fedha za Mpira wa Kikapu: Tuanze na Daftari Letu



Katika miji yetu ya kuzunguka Mlima Kenya, tangu Sagana na Karatina hadi Nyeri, Nanyuki, Meru na Embu, vijana wanaopenda mpira wa kikapu wako, lakini klabu zenye nguvu ni chache. Ukiwauliza sababu watakujibu neno moja: fedha. Jibu hilo ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Fedha ziko. Kinachokosekana mara nyingi ni klabu iliyo tayari kuzipokea.

Twajua wenzetu wanaosifiwa. Timu ya Mombasa inalelewa na Halmashauri ya Bandari, Ulinzi ni ya jeshi, na nyingine za Nairobi zimelelewa na mabenki. Sisi huku hatuna bandari wala makao makuu ya benki. Hatuna budi kutafuta kwa njia nyingine, na njia hizo ni haki yetu, si sadaka.

Njia ya kwanza ni kaunti. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeweka michezo na viwanja vyake katika kazi za serikali za kaunti. Lakini kaunti hutoa fedha kwa jambo lililoandikwa katika makadirio yake tu. Kwa Sheria ya Fedha za Umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa kaunti hufikishwa katika Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba kupita, makadirio kabla ya tarehe 30 Aprili kupita, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Klabu inayopeleka barua yake mwezi wa Juni ni kama abiria anayefika stesheni ya Kiganjo gari limekwisha pita. Yafaa twende katika mikutano ya wadi mapema, tuseme kwa sauti moja kwamba twataka kiwanja, na tuhakikishe kwamba neno letu limeandikwa.

Njia ya pili ni Hazina ya Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, iliyowekwa kwa kanuni za 2018. Fedha zake hutoka katika kodi za kamari na bahati nasibu. Fikirini, ndugu zangu: shilingi aliyoipoteza kijana wa Karatina kwa kubashiri mpira, sehemu yake imekwenda huko. Lakini fedha nyingi za hazina hiyo zimefuata timu za taifa na viwanja vikubwa. Klabu ndogo ikienda peke yake haitasikiwa. Klabu za kaunti zikienda pamoja, chini ya chama chao cha mchezo, zitakuwa na uzito.

Tena uko mfuko wa maeneo ya bunge. Sheria yake ya 2015 iliruhusu sehemu isiyozidi asilimia 2 itumike kwa michezo. Lakini mwaka 2024 Mahakama Kuu ilikata kwamba sheria hiyo haipatani na Katiba. Basi klabu isiweke tumaini lake lote hapo.

Popote utakapobisha, utaulizwa mambo yale yale. Je, mmeandikishwa kwa Msajili wa Michezo, kama itakavyo Sheria ya Michezo ya 2013? Mna katiba? Viongozi walichaguliwa lini? Risiti ziko wapi? Na mtu akikuambia ulipe kwanza ndipo upate msaada, huyo ni mwizi. Mwache aende zake.

Sisi watu wa chama cha wafanyakazi mambo hayo twayajua. Chama chetu hakikujengwa na tajiri; kilijengwa na mchango mdogo ulioandikwa vizuri. Wachezaji 20 wakitoa shilingi 50 kila juma, kwa mwaka wana shilingi 52,000. Hizo hazijengi kiwanja, lakini zinanunua mipira, na zaidi ya hayo zinaonyesha kwamba klabu ni hai.

Wala tusiombe makubwa kabla ya madogo. Bwana James Naismith alipoanzisha mchezo huu huko Springfield, Marekani, mwaka 1891, alipigilia vikapu vya matunda kwenye kingo za roshani ya ukumbi. Pete ya chuma yenye upana wa sentimita 45, iliyowekwa juu meta 3.05, fundi wetu wa kuunga chuma aweza kuitengeneza. Mchezo wa watatu kwa watatu, ulioingia Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, wahitaji pete moja na nafasi ya meta 15 kwa 11 tu.

Jambo hili si la kupitisha wakati. Februari 2024, huko Kangai, Kirinyaga, pombe ya sumu iliua watu zaidi ya kumi. Kijana asiyekuwa na mahali pa kwenda jioni, wauza sumu wanamngojea.

Kwa hivyo twaomba kila tawi litoe mtu mmoja ajuaye hesabu, akakague daftari la klabu ya vijana iliyo karibu, bila malipo, na mtu mwingine aende nao katika mkutano wa wadi. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Tuweke chetu kwanza, kisha tukadai kilicho chetu.