Mbuzi, Shanga na Bando: Leparua Nani Anakula Faida?

Msee, kama unadhani biz ya onlaini ni viatu vya Gikomba na wigi za tao pekee, hebu cheki Leparua. Iko kaunti ya Isiolo, upande wa Lewa, na wengi huko ni wafugaji. Mali yao ni mifugo na shanga. Story ni ile ile ya mtaani: anayetoa jasho siye anayebeba doo.

Kwa miaka mingi mfugaji ameswaga mbuzi hadi soko la Isiolo bila kujua bei. Anafika amechoka, mbuzi wamekonda njiani, dalali anamwambia leo soko imelala. Atafanya nini, arudi nao? Anauza kwa hasara. Silaha ya dalali ilikuwa habari ambayo mfugaji hana. Sasa akipigia mtu wake aliye sokoni, hiyo siri imeisha. Akiwa na smartphone, picha inaingia grupu ya WhatsApp na mnunuzi anamuona mnyama kabla hajatoka boma. Na hata kabambe inatosha kuuliza bei. M-Pesa imekuwa ikiingia humo tangu 2007.

Isiolo mjini, akina mama wa Anolei wanafanya biashara ya maziwa ya ngamia, yanapandishwa basi hadi Eastleigh. Maziwa hayangoji mtu, na jua la Isiolo unalijua. Kuambiwa mapema nani anataka lita ngapi ndiyo tofauti kati ya faida na kumwaga.

Shanga ndizo zinaniuma. Mama anakaa siku kadhaa akitunga mkufu, anauzia broka bei ya kutupa, halafu wewe unauona Insta na bei ya Westlands. BeadWORKS, inayofanya kazi na wanawake wa hifadhi za jamii kaskazini, imefikisha shanga hadi Marekani, kwa hivyo wateja wako. Lakini mama akitaka kuuza mwenyewe anahitaji simu yake, laini iliyosajiliwa kwa jina lake, na mtu wa kupeleka mzigo. Ukiwa na laini ya mzee, pesa inaingia kwa mzee. Hapo teknolojia haijabadilisha kitu, samahani.

Mtandao nao? Nanyuki, Mawingu walianza 2013 wakitumia masafa ya runinga yasiyotumika, na sola kwa stima. Starlink ikaingia Kenya 2023. Poa, lakini bei ya vifaa si ya mtu wa mbuzi watano. Kikundi kikichanga, hapo inaweza kueleweka.

Kama uko na cousin kule anaanza kuuza kwa simu, mwambie hii kwanza: meseji feki za M-Pesa ziko kila mahali. Asiachilie mbuzi kabla hajacheki salio yeye mwenyewe.